Kabla hujampeleka mtoto mwenye upele kwenye maji ya moto ya Amboni

Tanga. Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, bajaji inaondoka Makorora kushika barabara ya Horohoro. Ndani wamo bibi, binti yake, wajukuu wawili, ndoo moja, kanga za kujifutia na madumu matupu. Safari yenyewe si ndefu, kilomita chache tu kaskazini mwa jiji, hadi Amboni, kwenye chemchemi za maji ya moto zilizo jirani na yale mapango maarufu.

Aliyesababisha safari ni mjukuu wa kiume, ana miaka mitano. Wiki ya tatu sasa halali. Mchana anacheza kama wenzake, ila taa ikizimwa tu anaanza kujikuna: katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, hadi damu. Mama yake ameshabadilisha sabuni mara mbili. Bibi naye ana jibu lake la siku nyingi. Yeye mwenyewe aliogeshwa huko akiwa msichana, na anasema alipona.

“Njoo mume wangu, leo utalala,” anamwambia mjukuu, akimpakata.

Harufu ndiyo inayowapokea. Ni ya mayai yaliyooza, na mtoto mkubwa anaziba pua huku akicheka. Hiyo ni gesi ya salfa inayopanda pamoja na maji kutoka chini ya ardhi. Wazee wa pwani wameijua salfa zamani kwa jina la kibiriti upele, ule unga wa manjano uliokuwa ukichanganywa na mafuta ya nazi na kupakwa mwilini. Jina lenyewe linataja ugonjwa. Kwa hiyo bibi hajatunga: salfa ni dawa ya upele tangu kale, na hadi leo marhamu ya salfa hutumika hospitalini, hasa kwa watoto wachanga na wajawazito ambao baadhi ya dawa nyingine hazifai kwao.

Wenyeji huyaita maji ya moto tu, lakini kwenye vitabu vya utalii chemchemi hizi zinaitwa Galanos, jina la Mgiriki aliyekuwa mkulima wa mkonge enzi hizo Tanga ikinuka mkonge kila kona. Jina hilohilo limebaki kwenye shule ya sekondari Galanos. Waliokwenda kuoga huko kwa miaka mingi walifuata nafuu ya ngozi na maumivu ya viungo. Kwa viungo, maji ya moto hulegeza misuli na kupunguza ukakamavu kwa muda, na mzee anayetoka pale akitembea vizuri zaidi hajidanganyi.

Tatizo liko kwa yule wa miaka mitano.

Upele husababishwa na mdudu mdogo sana, ambaye jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Haishi juu juu pa kuoshwa na maji yakapita. Marhamu ya salfa huwa na sehemu 5 hadi 10 za salfa katika kila 100, na hupakwa mwili mzima, usiku baada ya usiku, ikakaa hadi asubuhi. Kuogeshwa dakika kumi kwenye chemchemi hakufiki huko. Mtoto hutoka akiwa na nafuu ya muwasho, pengine analala vizuri siku hiyo, na hapo ndipo mama huamini amepona. Siku chache baadaye anaanza upya, na safari hii pamoja na dada yake anayelala naye kitanda kimoja.

Kuchelewa huko kuna gharama. Vidonda vya kujikuna huingia bakteria, na baadhi ya bakteria hao wanaweza kuleta matatizo ya figo kwa mtoto. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Si aibu ya uchafu kama mtaani tunavyopenda kusemana. Unampata hata mtoto anayeogeshwa mara tatu kwa siku, maana huenea kwa ngozi kugusana na ngozi.

Yapo pia mambo ya pale pale majini. Maji ya chemchemi hayana bomba la kuyapooza, na ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua kwa joto ambalo mtu mzima analivumilia. Apimaye atumbukize kiwiko chake kwanza, na ayachote kwenye ndoo badala ya kumwingiza mtoto moja kwa moja. Mwenye pumu asisogezwe karibu na panapofuka harufu kali. Mwenye vidonda vibichi asiogeshwe kabisa. Madumu ya kwenda kunywa nyumbani yarudi matupu: maji hayo hayajapimwa kwa ajili ya tumbo la mtoto.

Kuna kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni pua. Mji wa Bath nchini Uingereza una chemchemi za moto ambazo Warumi walizioga karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 msichana aliyeogelea humo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na amiba anayeishi kwenye maji ya uvuguvugu, ambaye huingia kupitia puani. Kuoga kwa umma kukasimamishwa, na ilipofika 2006 ndipo watu waliporuhusiwa tena, kwenye jengo jipya linalotumia maji ya visima vilivyochimbwa. Ugonjwa huo ni nadra sana. Hata hivyo, mtoto asizamishwe kichwa.

Kusuuza harufu kwenye Mto Sigi baada ya hapo nako kuachwe. Kichocho hupatikana kwenye maji ya mito na mabwawa, na mtoto akitoka na kichocho atakuwa amebadilishiwa ugonjwa tu.

Jumatatu mama alimpeleka mwanawe Kituo cha Afya Makorora. Hapakuhitajika kipimo kikubwa. Kuuliza muwasho unazidi saa ngapi, kutazama katikati ya vidole, na kuuliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Akarudi na dawa ya maji nyeupe ambayo wauguzi huiita BBE, akaelekezwa namna ya kuichanganya na maji kwa ajili ya mtoto, na kuambiwa jambo ambalo lilimshangaza: inapakwa nyumba nzima, usiku mmoja, hata asiyejikuna. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata mdudu akishakufa, kwa hiyo asikimbilie kupaka kila siku, maana dawa nayo hukereketa ngozi.

Kazi ilikuwa kumshawishi bibi. Hajikuni, alisema, na upele wake aliumaliza zamani.

“Mama, mumeo analala kifuani kwako kila mchana,” binti yake akamwambia.

Bibi akacheka, akavua pete yake ya fedha, ambayo tangu siku ile ya Amboni ilikuwa imekuwa nyeusi, akanyoosha mikono apakwe.