Ndege Moja, Macho Manne: Wikiendi ya Wawili Ziwa Babati

Hebu tuambizane ukweli. Wikiendi ya wapendanao wengi siku hizi ikoje? Jumamosi ni kufua na kwenda sokoni, jioni nyama choma. Jumapili ni ibada, halafu kila mtu kona yake na simu yake. Mko nyumba moja, lakini mmoja yuko Instagram na mwingine anafuatilia mpira wa Uingereza. Hamjagombana, ila mara ya mwisho kucheka pamoja mpaka machozi yakawatoka ilikuwa lini?

Mwezi huu tunakuletea mchezo ambao ukiucheza peke yako unaumia mfukoni, lakini mkiucheza wawili mnafaidi: kurusha ndege ndogo ya rimoti inayopaa kutoka majini na kutua majini. Mahali tulipopachagua ni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mji wenye ziwa mlangoni.

Usicheke. Si mchezo wa watoto, na baada ya dakika tano utakubaliana nasi.

Ni ndege ya namna gani?

Ni ndege ya kawaida ya rimoti, mara nyingi ya foamu ngumu, yenye mota ya umeme na betri. Tofauti ni kwamba badala ya magurudumu ina maboya mawili marefu chini ya tumbo. Maboya hayo huwa na urefu wa karibu robo tatu ya urefu wa ndege yenyewe, na kila moja lina kidaraja chini yake, kama ngazi moja iliyokatwa. Maji yana tabia ya kung'ang'ania kitu laini. Kidaraja kinaruhusu hewa ipite, na hapo boya linajinasua.

Ndiyo maana wazoefu hawayapendi sana maji yaliyotulia kama kioo. Viwimbi vidogo vinasaidia ndege kuachana na maji. Mawimbi makubwa nayo ni kasheshe, kwa sababu pua za maboya zikizama mbele, ndege inapinduka miguu juu.

Kupaa kuna utaratibu wake. Unaielekeza ndege kwenye upepo, unavuta kijiti nyuma ili pua za maboya zikae juu, kisha unaongeza moto taratibu. Mwanzoni inalima maji kama jahazi lililozidiwa mzigo. Ghafla inapanda juu ya maji na kuanza kuteleza. Hapo unalegeza kijiti, unaiacha ikusanye mwendo, halafu unaiinua kidogo. Mwenye papara akivuta sana mapema, ndege inaruka juu kidogo, inakosa nguvu na kurudi majini kwa kishindo. Unaona inavyofanana na mambo fulani ya mapenzi?

Wawili na ndege zao: Martin na Osa

Ndege za majini si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1937 ndege kubwa za shirika la Uingereza la Imperial Airways, zenye tumbo kama la boti, zilianza kupita huku zikielekea Durban. Zilitua majini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi.

Lakini kisa kitakachowagusa wapendanao ni cha Martin na Osa Johnson, mke na mume wa Kimarekani waliooana mwaka 1910 na kufanya kazi ya kupiga picha za filamu porini. Kabla ya safari yao ya mwaka 1933 hadi 1934, wote wawili walijifunza urubani. Walikuja Afrika na ndege mbili za Sikorsky zenye uwezo wa kutua nchi kavu na majini. Moja ilipakwa mistari ya pundamilia, nyingine mabaka ya twiga. Wakapiga picha kutoka angani, zikiwemo za Mlima Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Januari 1937 Martin alifariki baada ya ndege ya abiria kuanguka huko California. Osa alikuwemo ndani, akaumia lakini akapona. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yao, na hata jina lake linasema kwamba alikuwa ameolewa na safari za kusisimua. Hakuwa mke aliyebaki nyumbani akisubiri picha. Usukani aliujua na hatari aliijua.

Kwa nini Babati?

Kwanza, nafasi. Kurusha ndege juu ya mashamba, nyumba na mifugo ya watu ni kutafuta kesi. Ziwa Babati liko pembezoni mwa mji, kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, na Mlima Kwaraa unauchungulia mji kwa juu. Ni maji baridi, si ya magadi kama ya Ziwa Manyara. Hilo ni jema kwa mota na nyaya.

Pili, Babati itawafundisha unyenyekevu. Mji uko mita zipatazo 1,350 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Bawa linapata msaada mdogo, panga la mbele nalo linakamata hewa kidogo. Kwa hiyo ndege inahitaji kuteleza mbali zaidi kabla ya kupaa, na inatua ikiwa na mwendo mkubwa zaidi. Ndege iliyojazwa mapambo na betri nzito itawaaibisha.

Kushoto kwake, kulia kwako

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ndege ikienda mbali nawe, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ikigeuka na kuja kwako, kila kitu kinageuka pia: ukisukuma kijiti kushoto, wewe unaiona inakwenda kulia. Ubongo unachanganyikiwa, mikono inatetemeka, chubwi!

Dawa yake ni rahisi. Ikiwa inakuja kwako, sukuma kijiti upande wa bawa lililolala, kana kwamba unaliwekea nguzo. Dawa nyingine ni mwenzako aliyesimama begani kwako. Mmoja anashika rimoti na macho yake hayabanduki kwenye ndege. Mwingine anaangalia vingine vyote: mitumbwi ya wavuvi, ndege wa majini, upepo unaobadilika.

Kanuni ya anayeangalia ni moja: atoe habari, asitoe lawama. "Mtumbwi, kushoto, bado mbali" inatosha. "Si nilikuambia!" haijawahi kuokoa ndege wala ndoa. Betri ikiisha, ambayo ni baada ya dakika 10 hivi, mnabadilishana. Ukishakaa pande zote mbili utajua ni kwa nini mwenzako jana alichelewa kukujibu. Hakukudharau. Alikuwa anaiona ndege ikija upande wake.

Ndege ni laki kadhaa, mume ni mmoja

Sasa tuongee ukubwani. Ziwa Babati lina viboko. Kiboko ana uzito wa zaidi ya tani moja na anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika tano hivi bila kuonekana. Maji matupu si ushahidi kwamba hayupo. Usiku anatoka kula majani, alfajiri anarudi. Kwa hiyo msikae ukingoni gizani, na msijiweke kati yake na maji.

Siku moja mota itazima ndege ikiwa katikati ya ziwa. Itakaa pale inaelea, nzima kabisa, inawatazama. Mmoja wenu atavua viatu. Hapo ndipo mtajua mnapendana kiasi gani, maana mwingine inabidi aseme hapana, na anayeambiwa inabidi asikie bila kununa. Kubalianeni mkiwa nyumbani: hakuna anayeingia majini, hata kama ndege ilikula mshahara. Subirini, kwa sababu mara nyingi upepo wenyewe utaisukuma ukingoni. Ikiwa karibu, tumieni fimbo ya kuvulia: fungeni mpira wa tenisi kwenye mshipi, mrushe ng'ambo ya ndege, mvute polepole. Ikiwa mbali, mwombeni mvuvi mwenyeji anayejua viboko wanalala wapi, mlipeni haki yake, na akisema leo haiwezekani, basi haiwezekani.

Kabla hamjafungua pochi

* Kibali kwanza. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 za vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake. Waulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kabla ya kuagiza, siyo mzigo ukishafika. Uongozi wa mtaa na wavuvi nao wajulishwe.
* Anzeni na foamu. Inaelea na inaungika kwa gundi. Chagueni yenye mabawa juu, haina makeke.
* Kinga ya maji. Kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya rimoti kivisheni puto na kulifunga mdomo. Ni ujanja wa zamani na unafanya kazi.
* Betri si mchezo. Hizi za lithiamu zikiumia zinawaka moto. Msizichaji mkiwa mmelala, wala chumbani.
* Zoezi la kompyuta. Zipo programu za kujifunzia. Angusheni ndege 50 za kwenye skrini kabla ya moja ya pesa.
* Viboko wakiwa karibu, mitumbwi ikiwa mingi au upepo ukiwa mkali, ndege ibaki kwenye boksi. Kula samaki pamoja nayo ni wikiendi.

Mchezo huu hautaponya ndoa iliyooza, na wala hatukuahidi hivyo. Unachowapa ni saa moja ambayo simu ziko mfukoni, macho manne yako juu ya kitu kimoja, na kila mmoja anamhitaji mwenzake kweli kweli. Nani anashika rimoti kwanza? Rusheni shilingi. Atakayekosa, kazi yake ndiyo ngumu zaidi: kuangalia, kusema kwa upole, na kutulia wakati ndege anayoipenda iko mikononi mwa mwingine.