Prado ya Zamani Ivae Tairi Gani?

Chuchumaa mbele ya tairi jipya dukani, Gerezani jijini Dar es Salaam au popote matairi yanapouzwa, ufute vumbi ubavuni kwa kidole mpaka uzione herufi DOT. Fuata msururu wa herufi na namba hadi mwisho, utakuta tarakimu nne. Zikisomeka 3518, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2018. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii mpya kabisa, hata karatasi haijatoka," wala hasemi uongo, kwa maana halijawahi kugusa barabara. Ila limezeekea stoo. Tarakimu hizo mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona mwombe aligeuze. Akisitasita, nenda duka la pili.

Mpira wa tairi ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikanishwa na salfa kwa msaada wa joto, ufundi alioubaini Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839. Kazi hiyo haikomi tairi linapotoka kiwandani. Joto na oksijeni huendelea kuubadilisha mpira taratibu, ukakakamaa, na ozoni iliyomo hewani huikata minyororo ile pale ngozi ya tairi inapovutwa. Ndizo zile nyufa nyembamba za ubavuni. Viwanda huchanganya nta na kemikali za kinga ndani ya mpira, nazo hupanda juu vizuri tairi linapojikunja likiwa safarini. Gari linaloegeshwa miezi mitatu juani halijikunji, ndiyo maana gari la mstaafu linaweza kuwa na nyufa ubavuni na kashata, yaani meno ya tairi, bado nzima. Michelin wanashauri tairi lisivuke miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kwa macho linaonekana zima. Kwa joto la Dar es Salaam, mimi nisingeusubiri mwaka wa kumi.

Umri ukishaukagua, ndipo uje kwenye meno, ambako wenye Prado za miaka ya 1996 hadi 2002 hupenda kuanzia. Chukua mtu anayeishi Dar na kulima bonde la Mkata, wilayani Kilosa. Safari yake ni zaidi ya kilomita 200 za lami, kisha kilomita chache za udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo ukilowa huvimba na kunata, ukajaza mifereji yote ya tairi, na baada ya muda mfupi unaendesha gari lenye matairi kipara. Tairi lenye alama M/T, la matope, lina mapengo mapana ya kurusha tope nje gurudumu linapozunguka. Kwa masika ya Mkata hilo ndilo bingwa, sibishi.

Lakini mapengo yaleyale yanapunguza mpira unaoshika lami. Kashata ndefu hupinda unapokanyaga breki, na mvua ikinyesha gari husimama mbali zaidi, achilia mbali mngurumo na uzito unaobebeshwa bushi na boljointi zilizokwisha kuchoka. A/T, tairi la mchanganyiko, litakwama siku chache ambazo M/T lingepita. H/T la lami ni tulivu, ila kwenye utelezi wa shambani halina lake. Kwa mwenye shamba wetu ningefunga A/T, na fedha iliyobaki ninunue pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara na kipimo cha upepo kinachosema kweli.

Pampu ina sayansi yake. Gari la kilo 2,000 hubebesha kila gurudumu kama kilo 500. Ukiwa na upepo wa psi 32, kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 2.25, hivyo tairi linahitaji kugusa ardhi kwa sentimita za mraba kama 220. Ukishusha hadi 16, eneo hilo linakaribia kuongezeka maradufu, likirefuka zaidi kuliko kupanuka. Ubavu mgumu hubadilisha hesabu kidogo, lakini mchangani, na hata kwenye tope jepesi, tofauti utaiona palepale. Mradi uende polepole, usikate kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Kujaza tena si hiari. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi kila mzunguko, na kila kujikunja huzaa joto. Kwenye kilomita 100 kwa saa, mchana wa Januari, joto hilo linaweza kuubandua mpira wa juu kutoka kwenye waya za chuma. Agosti 2000 Firestone ilitangaza kuyarudisha mamilioni ya matairi, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari la aina hiihii ya Prado. Tabaka la juu lilikuwa likibanduka katika mwendo kasi na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo Marekani vilipita 200, na majimbo ya joto kama Texas, Arizona na Florida ndiyo yaliyoathirika zaidi. Viwanda na upepo mdogo vilitajwa pamoja katika mabishano ya nani alaumiwe. Kwa hiyo tope lile unaloliogopa litakuchelewesha chai, lami ndiyo ya kuogopwa.

Kuhusu saizi nitasema kidogo. Prado nyingi za kizazi hicho huvaa 265/70R16. Kijana wa gereji atakushawishi ufunge 285/75R16 ili gari lionekane limesimama, lakini tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 7 hivi. Mshale ukisoma 80 unakwenda karibu 86, na injini ya dizeli iliyochoka inapandisha mlima kwa gia nzito zaidi.

Kosa la gharama kubwa ni kununua matairi mawili tu. Katika Prado nyingi za kizazi hicho nguvu hugawanywa magurudumu yote manne muda wote kupitia difu ya kati. Mbele ukifunga mapya yenye kashata za milimita 11, nyuma yakibaki ya milimita 3, kipenyo kinatofautiana kwa milimita 16. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mizunguko 8 kwa kila kilomita, na kutoka Dar hadi Morogoro difu imemeza mizunguko zaidi ya 1,500 ya kazi isiyokuwa yake. Ukiifunga difu hiyo ukiwa kwenye lami, mzigo unahamia kwenye meno ya gia.

Halafu kuna la tano, lile linaloning'inia mlango wa nyuma likipigwa jua mwaka mzima. Likague tarehe kama mengine, mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote. Fedha ikitosha manne tu, chagua katika yale uliyovua lenye tarehe ya karibuni na ubavu usio na nyufa, na saizi ileile, ulifunge hapo.