Siku moja ya mandari: Jinsi ya kuchagua pa kwenda

FAMILIA nyingi za Mukuru kwa Reuben hujaliwa siku moja tu ya mandari kwa mwaka, aghalabu watoto wakiwa wamefunga shule. Pesa za siku hiyo huwa zimedundulizwa chamani kwa miezi mingi. Ikiharibika, hakuna ya kuifidia. Kwa sababu hiyo, pa kwenda hapachaguliwi asubuhi hiyo hiyo kituoni mwa matatu.

Somo zuri latoka Mombasa. Meli za kitalii zinapotia nanga katika bandari ya Kilindini, abiria huwa na saa chache tu za kukaa nchi kavu. Baadhi huchagua Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ambayo i papo hapo kisiwani. Wengine hutamani nyika, wakafunga safari hadi Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake la Buchuma li umbali wa takriban kilomita 100. Hawa hutumia sehemu kubwa ya siku barabarani, na lori moja likikwama njiani wanaweza kuikuta gati tupu. Msafiri mwerevu basi haanzi kwa kuuliza ni wapi panapopendeza. Huanza na saa ya meli kung’oa nanga, kisha akahesabu kurudi nyuma.

Mkazi wa Mukuru naye ana meli yake, nayo ni giza. Kwa kuwa Nairobi i karibu na Ikweta, jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Hakuna mzazi anayetaka kupita vichochoroni usiku akiwa amebeba mtoto aliyelala. Chukua saa za mchana, utoe muda wa kwenda na kurudi, utoe saa moja zaidi ya msongamano. Kinachosalia ndicho cha matembezi.

Kwa kipimo hicho, Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117, inafaa kwa kuwa i karibu. Ina simba, vifaru na twiga. Hata hivyo, mbugani huzungukwa kwa gari. Kutembea kwa miguu huruhusiwa mahali palipotengwa tu. Kikundi kisicho na gari kitafaidi zaidi kikienda Safari Walk au makao ya wanyama mayatima, yote kando ya lango kuu la Barabara ya Lang’ata, ambako matatu za Rongai, nambari 125 na 126, hupita. Viingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo lipeni kabla ya kuondoka nyumbani.

Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, hauhitaji gari. Una maporomoko ya maji, mapango na njia pana za kutembea. Upo hadi leo kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigania usinyakuliwe, wakashambuliwa humo Januari 1999. Kasoro yake ni kuwa anayetoka Mukuru hulazimika kuingia katikati ya jiji, kisha kupanda matatu ya pili.

Vilima vya Ngong, vyenye kimo cha karibu mita 2,460, ni vya vijana wenye nguvu. Upepo wake ni mkali na miteremko huteleza msimu wa mvua. Mwenye mtoto mchanga au bibi mwenye maumivu ya magoti asivichague.

Wapo pia wanaopenda Fourteen Falls, karibu na Thika, kwa mandhari yake. Maji hayo ni ya Mto Athi, unaopokea Mto Nairobi, ambao nao hupokea Mto Ngong upitao Mukuru. Taka na majitaka yanayotupwa mtoni mtaani hushuka kuelekea huko huko. Tazameni maporomoko, lakini watoto wasioge wala wasinywe maji yake.

Jambo la mwisho ni mizigo. Tangu Juni 5, 2020, chupa, sahani na vikombe vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga na misitu inayolindwa. Fungeni chakula katika vyombo vya kuoshwa, na maji katika chupa za kutumiwa tena.

Chama kinapoketi kuamua, kisimsikilize kwanza aliye na sauti kubwa. Kimtazame mwanachama mwenye miguu dhaifu zaidi, kiulize atafika wapi na kurejea kabla ya jua kutua. Atakapoweza yeye, wote wataweza.