Mwongozo wa tiba ukibadilika, dawa hudoda dukani

MTWARA. Wakati wanunuzi wa korosho mjini hapa wakisubiri bei ya mnada, mwenye duka la dawa ana la kwake la kuulizia: madaktari wanajifunza nini siku hizi?

Swali hilo lina fedha ndani yake. Mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria na kuweka SP, na kufikia 2007 nafasi hiyo ikawa imechukuliwa na dawa mseto, ALu. Aliyekuwa amejaza makasha ya klorokwini kwa kuwa ni rahisi na inatoka haraka, alijikuta na mzigo ambao daktari hapaswi tena kuuandika. Hata hivyo alikuwa na muda wa kuupunguza. Enzi hizo mabadiliko yalifika kwa nyaraka na semina, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, barabara ya Dar es Salaam masika ilikuwa matope matupu.

Muda huo sasa haupo. Baraza la Madaktari Tanganyika linamtaka daktari awe na pointi za elimu endelevu ndipo ahuishe leseni yake, na sehemu ya masomo hayo hupatikana kwa intaneti, ukiwemo mfumo wa Wizara ya Afya. Msingi wake ni Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambao toleo la 2017 lilifuatiwa na la 2021. Daktari wa Ligula au wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini anaweza kusoma badiliko usiku na kuandika cheti kipya asubuhi.

Wapo wanaopoteza. Semina ikihamia kwenye simu, nyumba za wageni na mama lishe hukosa wateja waliokuja na posho mfukoni. Muuza vifurushi ndiye anayecheka.

Lakini asikimbilie mtu kutupa mzigo. Mtandao wenyewe una siku zake: Mei 12, 2024 hitilafu ya nyaya za baharini iliizorotesha intaneti nchi nzima. Na mgonjwa wa Msimbati aliyezoea sindano bado ataomba sindano, hata daktari akiwa na pointi zote.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu ni hii. Duka lenye wateja wa bima liangalie orodha kwanza, maana dawa iliyo nje yake ni vigumu kulipwa. Dawa zenye tarehe fupi zinunuliwe kidogo kidogo, hasa toleo la mwongozo likishakuwa la miaka kadhaa. Nakala ya mwongozo hupatikana bure kwenye intaneti, na mfamasia aliyeisoma huokoa zaidi ya punguzo la bei ya jumla linalotolewa Kariakoo.