Fundi wa Tarakilishi na Safari ya Habari Mtandaoni

Utangulizi

Kwa muda mrefu fundi wa tarakilishi alifunzwa kufungua kifaa, kupangusa vumbi, kubadilisha sehemu iliyoharibika na kukifunga tena. Ujuzi huo ungali na thamani, lakini hautoshi. Aghalabu mteja wa leo humjia fundi na kauli moja tu: "Mtandao umepotea." Kauli hiyo haielezi chanzo cha hitilafu. Makala haya yanadhamiria kufafanua misingi ambayo fundi anayeanza kujifunza mtandao anapaswa kuielewa, na kuonyesha kwamba anayeifuata kwa mpangilio huacha kubahatisha, naye mteja huepushwa gharama isiyo ya lazima.

Maana ya mtandao

Neno mtandao linahusiana na kitenzi tanda, yaani kuenea juu ya kitu kama ufanyavyo utando wa buibui. Tarakilishi mbili zilizounganishwa kwa waya tayari ni mtandao. Intaneti ni mtandao wa mitandao. Kinachoziwezesha tarakilishi za aina mbalimbali kuelewana ni itifaki. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mapatano. Itifaki basi ni kanuni zilizokubaliwa za kutuma na kupokea habari. Msingi wa itifaki za intaneti, TCP na IP, uliwekwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika makala waliyoichapisha mwaka 1974. Tarehe 1 Januari 1983, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi kwenye itifaki hizo.

Ni muhimu pia kutofautisha intaneti na wavuti. Wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa katika kituo cha CERN, ni huduma mojawapo tu inayopita juu ya intaneti, sawa na barua pepe. Mteja anayepokea barua pepe ilhali tovuti hazifunguki hajapoteza mtandao. Fundi asianze kuvuta nyaya.

Hatua nne za uchunguzi

Habari haisafiri ikiwa nzima. Hugawanywa katika vifurushi vidogo, kila kimoja kikibeba anwani ya kitokako na ya kiendako. Kazi ya fundi ni kutafuta mahali safari ilipokatika.

Kwanza, achunguze njia. Waya wa kawaida wa mtandao una nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa katika jozi 4, na urefu wake kutoka kifaa hadi swichi haupaswi kuzidi mita 100. Ikiwa taa ndogo iliyo kando ya tundu la waya haiwaki, aanzie hapo.

Pili, achunguze anwani. Katika toleo la nne la IP, anwani ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Jumla yake ni takriban bilioni 4.3. Idadi hiyo haikutosheleza ulimwengu, ndiyo maana nyumba na ofisi nyingi hutumia anwani za ndani kama zile zinazoanza na 192.168, na ndiyo maana toleo la sita likabuniwa. Kwa kawaida ruta ndiyo huvigawia vifaa anwani. Fundi akikuta anwani inayoanza na 169.254, ajue kwamba tarakilishi imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia. Hitilafu basi imo ndani ya jengo.

Tatu, achunguze lango. Ruta ndiyo lango la kutokea nje. Amri iitwayo ping hutuma kifurushi na kungoja jibu. Lango likijibu, nazo anwani kadhaa za mbali zisijibu, yamkini tatizo liko kwa mtoa huduma. Hata hivyo, fundi asitegemee anwani moja tu, kwa kuwa baadhi ya tarakilishi hutegwa makusudi zisijibu amri hiyo.

Nne, achunguze majina. Binadamu hukumbuka majina, tarakilishi hutumia namba. Mfumo wa DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, hutafsiri jina kama lile linaloishia na .ke kuwa namba. Ikiwa namba inafikika lakini jina halifikiki, aliyekwama ni mfasiri. Njia ni nzima.

Tuchukue mfano wa maabara ya shule yenye tarakilishi 20. Zote zikikosa mtandao kwa pamoja, haiyumkiniki kwamba zote zimeharibika asubuhi moja. Fundi aulize zinashiriki nini: swichi, ruta au laini ya nje. Ikikosa moja tu, aanze na waya wake. Asiyejua hili huishauri shule inunue kifaa kipya, na fedha za karo zikapotea kwa sababu ya kichwa cha waya kilicholegea.

Njia nzima lakini nzito

Wakati mwingine vifurushi hufika, ila kwa kuchelewa. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 angani. Swali na jibu vilichukua zaidi ya nusu sekunde, hata kwa aliyelipia njia pana. Fundi hana budi kutofautisha upana wa njia na urefu wa safari, asije akamuuzia mteja upana asiouhitaji.

Hitimisho

Anayejifunza hahitaji vifaa vingi. Tarakilishi mbili, swichi moja na waya vyatosha. Achomoe waya, abadilishe anwani, kisha atazame kila hatua inavyojibu. Zaidi ya hayo, ajizoeze kueleza alichokiona kwa Kiswahili. Mteja anayeambiwa kwamba lango linafanya kazi ila mfasiri wa majina amekwama ataelewa analipia nini, na ataweza kuuliza.