Kambare: namna anavyovuliwa na jinsi ya kumtambua dume na jike

Mvua zinapoanza kunyesha kwenye miteremko ya Rwenzori, mito inayopita wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, huvimba na kufunika nyasi za kingoni. Katika maeneo kama Munkunyu, na kote katika bonde linaloelekea Ziwa Edward na Ziwa George, huo ndio wakati kambare anapopatikana kwa urahisi. Ndio pia wakati wa kuzaliana kwake, na anayemvua bila kuchagua huondoka na mayai ya msimu mzima.

Usiku, kambare huacha maji yenye kina na kufuata mafuriko hadi penye maji machache ili kutaga. Samaki huyu hana magamba, ana sharubu nane mdomoni, na juu ya matamvua yake kuna kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa. Kwa sababu hiyo huweza kuishi kwenye tope ambalo lingewaua samaki wengine. Kukosa magamba kuna upande wake wa pili: Waadventista Wasabato hawamli, kwa kufuata maandiko.

Wavuvi humtega kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi, inayoachwa majini usiku kucha. Chambo huwa minyoo au vipande vya samaki, na wapo wanaotumia hata vipande vya sabuni, kwani kambare hutafuta chakula kwa harufu na mguso kuliko kwa macho. Kwenye vijito na matete hutegwa migono. Anapotolewa, ashikwe nyuma ya kichwa kwa kitambaa chenye maji, maana mapezi ya ubavuni yana miiba migumu inayochoma.

Katika maziwa hayo mawili, yaliyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, uvuvi unahitaji kibali, na mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kushiriki kuwasaka wavuvi haramu katika maziwa ya nchi hiyo. Viboko nao hawaulizi kibali. Si ajabu kwamba ufugaji wa mabwawani unawavutia wakulima wengi, hasa kwa kuwa mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, ni njia ya samaki wanaouzwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Lakini bwawa linahitaji vifaranga, na kambare aliyefungiwa bwawani ni nadra kutaga bila msaada. Hapo ndipo kujua dume na jike kunapokuwa jambo la fedha.

Rangi haisaidii, wala ukubwa wa kichwa. Tumbo lililojaa nalo hudanganya, kwa kuwa huenda samaki ameshiba tu. Njia ya uhakika ni kumlaza chali na kutazama nyuma ya tundu la haja. Dume ana kijinyama kirefu, chembamba, chenye ncha, kinachoelekea mkiani. Jike ana uwazi wa mviringo, ambao huvimba na kuwa mwekundu anapokaribia kutaga. Tumbo la jike aliyekomaa huwa laini, na likibonyezwa kidogo kuelekea nyuma, mayai machache hutoka. Kwa kambare mchanga alama hizi bado hazijajitokeza, na anayebahatisha hupoteza muda wake.

Kosa hugharimu kwa sababu ya namna uzalishaji unavyofanywa. Jike hudungwa sindano ya homoni, mara nyingi iliyotokana na tezi iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine. Katika maji ya nyuzi joto 25 hivi, baada ya takriban saa 11 hukamuliwa mayai, ambayo kwa jike mkubwa hufikia makumi ya maelfu. Dume hakamuliki kwa namna hiyo, kwa hiyo huchinjwa, korodani zake zikatolewa na mbegu kuchanganywa na mayai. Mfugaji aliyekosea hupasua tumbo na kukuta mayai: amemuua mama, na huenda yule aliyemdunga sindano ni dume.

Ikiwa kazi imefanyika sawasawa, mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi moja na nusu. Jike hurudishwa bwawani akiwa hai, na akilishwa vizuri anaweza kukamuliwa tena baada ya wiki kadhaa.