Mtoto na Neno "Sisi"

Kuruta hafundishwi kugeuka kulia kwa kusomewa kitabu. Husimamishwa uwanjani, akaamriwa, akageuka, akakosea, akarudia, hata mguu wenyewe ukaizoea amri. Njia hiyo hiyo, ndugu wasomaji, ndiyo imfaayo mtoto mdogo anapojifunza maneno yaitwayo viwakilishi vya nafsi, yaani mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao.

Huenda baadhi yenu mkauliza pana ugumu gani katika maneno mepesi kama hayo. Ugumu upo. Kikombe ni kikombe, awe amekishika baba au mama. Lakini "mimi" huhama kila anapobadilika msemaji. Mtoto aitwaye "wewe" kutwa nzima hudhani kuwa hilo ni jina lake, naye akitaka maji husema, "Wewe unataka maji." Kumfafanulia kwa maneno hakusaidii sana, kumpa zamu ya kusema na kutenda humsaidia.

Hapa Bujumbura mzigo huo ni mkubwa zaidi, kwani tangu miaka ya 2000 Kiswahili na Kiingereza vimeingia katika shule zetu za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kirundi husema jewe, wewe, we, twebwe, mwebwe, bo. Tazameni basi mtego uliopo: "we" ya Kirundi yaweza kumaanisha yeye, hali katika mitaa ya Buyenzi "we!" ni mwito kwa yule unayesema naye. Kifaransa nacho humtenga mwanamume na mwanamke kwa "il" na "elle", jambo lisilojulikana katika Kirundi wala Kiswahili. Ndiyo sababu mtoto humwita mama yake "il" bila kukusudia utovu wa adabu.

Dawa yake haihitaji fedha. Chukueni mpira wa matambara. Mwenye kuushika husema, "Mimi ninao." Humtupia mwenziwe akisema, "Sasa wewe unao." Wa tatu, aliye pembeni, humwonyesha kwa kidole na kusema, "Yeye anao." Kisha mpira huzunguka, na kila mtoto hupita katika nafsi zote tatu kwa mikono yake mwenyewe.

Mchezo wa pili ni wa vizibo vya soda. Mtoto mmoja huruka na kusema, "Nimeruka". Anayemkabili husema, "Umeruka". Wa tatu husema, "Ameruka". Kila asemaye sawa hupewa kizibo. Tendo ni moja, aliyeruka ni mmoja, ila herufi za mwanzo wa neno hubadilika kwa kufuata msemaji. Mtoto wa nyumba ya Kirundi atafurahi kugundua kwamba "tu-" ya Kiswahili ni "tu-" ile ile aliyoizoea, na kwamba "wa-" ni ndugu wa "ba-".

Mchezo wa tatu ndio mzito kuliko yote. Lazeni kamba chini kwa mviringo. Walio ndani husema "sisi", nao huwaita walio nje "wao". Mwalimu apigapo kofi, wawili hutoka na wawili huingia. Aliyekuwa "wao" punde hii sasa ni "sisi". Mwishowe kamba hupanuliwa, wote wakaingia, na neno "wao" likakosa mtu wa kuitwa.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo mawili. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, baadhi ya mitaa ya mji huu iligawanyika, na "sisi" ikawa kamba isiyopanuka. Tarehe 30 Aprili 1997, huko Buta, mkoani Bururi, watu wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wa seminari ndogo wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana hao walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Kisha ukaja Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliotaka pasiwe na kabila litakalozidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Wengi wetu tumelala handaki moja na watu ambao zamani tuliwaita "wao".

Hatudai kwamba kipande cha kamba kitazuia vita. Tunasema tu kwamba mtoto aliyevuka mviringo mara ishirini kwa miguu yake anajua jambo ambalo wakubwa walilijifunza kwa gharama kubwa: kwamba neno hilo hupanuka.

Basi, ndugu askari na polisi, upatapo likizo, kata kamba, kusanya vizibo, uwaite watoto wako pamoja na wa jirani. Nusu saa uani yatosha kwa kuanzia. Udongo uwahi ungali maji.